Nilipobonyeza Iache

Kwanza niseme jambo moja ili tusije tukagombana huko mbele: kazi ile niliitafuta mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani Ndama miaka miwili nikipalilia migomba ya mama na kutuma maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa hata kwa tusi. Siku tangazo lilipopita kwenye simu kwamba wanatafutwa watu wanaojua Kiswahili, Kihaya na Kinyambo, nililirukia. Mama aliniuliza, "Kuna watu wanaajiri mtu kwa kujua Kinyambo?" Nikamwambia wapo. Alicheka hadi akaweka jembe chini.

Mwajiri alikuwa kampuni ndogo ya mjini, lakini kazi ilikuwa ya kampuni kubwa, ile yenye mtandao ambao kila mwenye simu anao. Sitaitaja. Nilisaini karatasi ndefu ya usiri, na mpaka leo sijui kama imekwisha muda wake, kwa hiyo niacheni nilipite jina hilo pembeni. Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Mtu akiudhiwa na video, anaishtaki kwa kubonyeza. Video inaingia kwenye foleni. Ikifika zamu yake inatokea mbele yangu, na chini yake kuna vitufe vitatu: Ondoa, Iache, na Peleka Juu. Pembeni sekunde zinakimbia. Ukikawia, alama zako zinashuka. Ukipeleka juu mara nyingi zinashuka pia, kwa sababu wewe ndiye uliyeajiriwa kujua.

Nilipanga chumba Rubwera, mji mdogo wenye ofisi za halmashauri, nyuma ya duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka Tanga kuja kuuza vitambaa na hakurudi tena. Umeme wa pale haukuwa na mambo mengi na intaneti ilikuwa inashika. Mkataba ulikuwa na masharti yake. Chumba kiwe na kufuli. Dirisha lifunikwe, asiwepo wa kuchungulia skrini. Simu yangu ikae nje ya chumba saa zote za kazi. Mtu yeyote asiingie, asiulize, asijue. Nikanunua kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, mke wa mwenye nyumba akanishonea pazia, na tangu hapo nikawa naishi gizani mchana kweupe, huku nje watu wa halmashauri wanapita na mafaili yao na bodaboda zinapiga honi.

Basi watu walisema. Wee, walisema! Binti mzima, msomi, kajifungia ndani kutwa, pazia limeshushwa, akitoka saa kumi na moja macho mekundu. Wengine walisema nafuga majini, wengine wakasema kuna bwana mkubwa wa serikali ananiweka. Mke wa mwenye nyumba, ambaye huruma na umbea vilikuwa sawasawa kifuani mwake, alinisimamisha koridoni. "Mwanangu, niambie mimi tu. Ni kazi gani hiyo?"

"Ya kuandika, mama."

"Kuandika nini?"

"Kuandika tu."

Akanitazama, akasema, "Haya, Mungu akufanyie wepesi," na kesho yake akaniletea kikombe cha maji yaliyosomewa dua. Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa, lakini niliyanywa yote na kikombe nikakiosha.

Niliyokuwa nayaona kwenye skrini sitayasimulia. Nitasema tu kwamba kuna siku nilishindwa kula nyama, kuna siku nilishindwa kula kabisa, na sikuwa na wa kumwambia kwa nini. Mama akipiga simu jioni kuuliza habari za kazi nilisema nzuri. Nilikuwa na miaka ishirini na nane na nilikuwa nimejifungia mwenyewe, ufunguo ninao, na sikuweza kutoka. Ningetoka niende wapi? Nirudi Ndama kwenye jembe, watu waseme kasoma bure?

Halafu lilikuwapo somo la maadili. Kila baada ya miezi michache lilitujia kwenye skrini, "Uwajibikaji Wetu kwa Jamii", picha za watu wa kila rangi wameshikana mikono, wote meno nje. Baada ya kila ukurasa linakuja swali. Je, ukimfahamu mtu anayehusika na video unayoipitia, ufanye nini? Jibu sahihi ni kutangaza kwamba unamfahamu, kisha faili ichukuliwe na mwingine. Nilijibu yote bila kosa. Nikapewa cheti chenye nyota ya dhahabu, na chini yake onyo kwamba nisimwonyeshe mtu. Ebo! Cheti cha uaminifu ambacho unakificha kama gongo.

Mtu pekee aliyenichekesha siku zile alikuwa mama wa maziwa. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mlokole, mke wa mfugaji. Boma lao lilikuwa kwenye majani upande wa Nyabiyonza, mlimani juu ya vibanja, mashamba ya migomba ya wakulima, na walikuwa pale tangu enzi za baba mkwe wake. Asubuhi alipanda bodaboda na madumu yake mpaka Rubwera, akafika mlangoni kwangu kabla sijafunga kufuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamka hai, mtu wa ndizi?"

"Nimeamka. Na nyie jembe mmeshajua ni la kulimia au bado mnaliegemea?"

"Mawe, mama yangu! Nimnyime huyu maziwa tuone kama ndizi zitapita kooni!" Kisha anacheka, ananijazia kikombe mpaka juu, na kuongeza.

Tulikuwa watani. Huku kwetu mkulima na mfugaji hutaniana, ukoo na ukoo hutaniana, na utani wetu hauna adabu. Tulipomzika babu, mtani wetu alilala mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka aletewe rubisi, ile pombe ya ndizi. Akawa anapiga kelele kwamba mzee alikuwa mchoyo na hata funza watamkimbia kwa njaa. Bibi yangu, mjane wa siku mbili, alicheka mpaka kanga ikamwanguka begani. Mtu aliyekulia humo anajua kusikia tusi na kulipita. Ndicho nilichoajiriwa kujua.

Sasa hiyo video. Ilikuwa saa nne asubuhi, na foleni ilikuwa ndefu. Kilabu cha pombe, benchi, wanaume kama saba, mmoja amesimama na kibuyu mkononi. Anasema kwa Kinyambo: "Wale wa maziwa kule mlimani ni wageni. Tumewavumilia vya kutosha. Tutawang'oa kama tunavyong'oa magugu kwenye kibanja, na ng'ombe wao tutawala kwenye harusi ya mwanangu." Wenzake wanacheka, mmoja anapiga makofi, kibuyu kinazunguka, imekwisha.

Angeipata mtu wa mbali, angeiondoa bila kuwaza mara mbili. Kuna neno wageni, kuna neno kung'oa, basi. Lakini niliipata mimi, mwenye kujua. Nikasikia kicheko, nikaona rubisi, nikasikia ng'ombe wa harusi, maneno ambayo nimeyasikia tangu nanyonya. Palikuwa na kisanduku cha maelezo kwa wataalamu wa lugha za kwetu, na wengi hawakukijaza kwa sababu kinakula sekunde. Mimi nilikijaza. Niliandika: Huu ni utani wa jadi kati ya wakulima na wafugaji wa eneo hili. Kutishia kula ng'ombe wa mtani ni kawaida yake, na utani huo hauna madhara. Nikabonyeza Iache, nikaenda kwenye video iliyofuata.

Wiki ileile msimamizi wangu aliniita kwenye skrini. Alikuwa kijana mpole, yuko ofisini mji wa mbali, sauti yake ya kubembeleza. Akasema, "Dada, maelezo yako yale ya utani yamewapendeza sana wakubwa. Yamewekwa kuwa mfano. Hata mashine imeanza kuyatumia, video za namna ile hazitakusumbua tena, itaziacha yenyewe." Nisijifanye sikufurahi. Nilifurahi! Kwa mara ya kwanza niliona Kinyambo cha mama yangu kimefika mahali. Jioni nilinunua nyama ya mbuzi nikaila peke yangu, na ikapita.

Baada ya kama wiki mbili mama wa maziwa hakuja. Siku ya kwanza nilikunywa chai ya rangi. Siku ya pili nikaudhika, nikasema huyu mwanamke kapata wateja wengine. Siku ya nne, saa saba mchana, nimetoka kupumua kidogo, nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Hana dumu. Nikaanza utani wetu, nikasema, "Ala! Leo ng'ombe wamegoma?"

Hakurudisha. Akasema, "Wamewakata, mwanangu."

"Nani?"

"Ng'ombe wangu watatu. Wamewakata mishipa ya miguu ya nyuma. Tumewakuta wamelala, wanatuangalia." Akatoa simu ya mkwewe, mke wa mwanawe, akaninyooshea. "Hebu tazama. Ilianza na hii."

Nilijua kabla haijaanza kucheza. Niliiona picha ndogo ya yule mwanamume na kibuyu. Nikaitazama yote mbele yake, nimesimama, jua linanipiga utosini. Na safari hii, bila sekunde za kunikimbiza, nikaona ambacho sikukiona. Utani una masharti. Mtani hutukanwa akiwa pale pale, usoni, ili naye arudishe, na asiporudisha mchezo haupo. Kwenye kile kilabu hapakuwa na mfugaji hata mmoja. Walikuwa wakulima watupu wanaambiana wenyewe kwa wenyewe. Yule mtu hakuwa anamtania yeyote. Alikuwa anawaandaa wenzake, na bibi yangu, ambaye hajui hata kuwasha simu, angelijua hilo mara moja.

"Kaa, mwanangu," akasema mama wa maziwa. "Mbona umekuwa hivyo?" Yaani yeye ndiye aliyenisogezea nafasi kwenye kizingiti.

Akanieleza. Mume wake alikuwa amepeleka shauri kwa viongozi wa kijiji chao, wakakutana kwenye darasa la shule. Yule mwanamume hakukana. Alisema alikuwa anatania, na waliokata ng'ombe hawajui. Watu wakagawanyika. Ndipo mmoja akasimama akasema, kama maneno yale ni mabaya kweli, mbona wenye mtandao hawajayaondoa? Wale huondoa hata picha ya mtu aliyevua shati. Wengi wakaona ana akili. Mwisho wakaamua hivi: wapewe wiki moja. Wakileta neno la wenye mtandao kwamba video ile ni ya chuki, kijiji kitasimama nao na yule mtu atapelekwa polisi. Wasipoleta, basi ilikuwa utani, shauri limekwisha, na wao wataangalia wenyewe namna ya kuishi na majirani zao.

"Namna ya kuishi gani?" nikauliza.

"Kuna namna gani? Ni kuhama. Baba wa nyumbani ameshasema, hatasubiri wakate na watu." Akakunja mikono mapajani. "Wewe uliniambia kazi yako ni kuandika. Niandikie, mwanangu. Waandikie hao wenye mtandao."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikaa naye pale kizingitini na simu ya mkwewe, nikafungua sehemu ya malalamiko ambayo naijua kila kona, nikajifanya naitafuta. Yeye alitaja, mimi nikaandika. "Andika nimezaliwa hapa hapa Karagwe. Andika baba mkwe wangu amezikwa pale mlimani. Andika yule ng'ombe wa kwanza alikuwa na mimba." Kisanduku kilikubali maneno machache tu. Baba mkwe hakutosha, ng'ombe mwenye mimba hakutosha. Nikaandika kwamba si utani, kwamba watu wanatishwa na mifugo imekatwa, tafadhali iondoeni.

"Umeandika yote?"

"Nimeandika, mama."

"Mungu akubariki," akasema, akaondoka kwa miguu mpaka kituo cha bodaboda.

Asubuhi iliyofuata nilifunga kufuli, nikashusha pazia, nikafungua foleni. Video ya kumi na moja ilikuwa ya yule mtu wa kibuyu. Lalamiko lilikuwa langu mwenyewe, sentensi zangu nilizozikatakata, na juu yake yalikuwa maelezo yangu ya kwanza: hauna madhara. Vitufe vilevile vitatu. Kabla ya vitufe, swali moja kwa sababu ni rufani: Je, unamfahamu mlalamikaji au mlalamikiwa? Ndiyo. Hapana.

Nataka hapa nieleweke vizuri, kwa sababu hapa ndipo huwa narudi nikiwa napika, nikiwa kanisani, popote. Ningebonyeza Hapana, kisha Ondoa, yale mambo yangekwisha kwa sekunde nane. Video ingepotea. Ujumbe ungekwenda kwenye simu ya mkwe kwamba kweli ilikuwa ya chuki. Mume angeupeleka darasani akiwa ameinua simu juu. Niliujua ukweli wa shauri lile kuliko mtu yeyote duniani aliyekuwa na kitufe.

Lakini kusema Hapana kulikuwa uongo. Na mfumo ule ulikuwa unakagua. Kama wangegundua kwamba mlalamikaji yuko Rubwera, na mimi niko Rubwera, na lalamiko limeandikwa na mtu anayejua maneno gani yanasikilizwa, ningefukuzwa siku hiyo, na karatasi ile niliyosaini ilitaja mahakama mara tatu. Nikajiambia somo la maadili linasema tangaza. Nikajiambia mwingine ataona tu, lalamiko liko wazi, mifugo imekatwa. Nikajiambia mengi. Nisijipambe: niliogopa. Nikabonyeza Ndiyo, na video ikaondoka mbele ya macho yangu, skrini ikaniandikia asante kwa uaminifu wako.

Sikukaa hata dakika tano nikaomba kuongea na msimamizi.

"Dada, umefanya vizuri sana kutangaza," akasema.

"Sawa, lakini yale maelezo yangu ya mwanzo nilikosea. Nataka niyabadilishe kabla mwingine hajayasoma."

"Hilo haliwezekani. Sasa una mgongano wa maslahi kwenye faili ile."

"Lakini maelezo ni yangu!"

"Ndiyo, na uliyaandika ulipokuwa huna mgongano. Ndiyo maana yanaaminika."

"Basi nikwambie wewe. Si utani. Nilikosea. Wamekata ng'ombe wa watu, wanataka kuwahamisha watu makwao."

Nafikiri aliona huruma, sitamtia ubaya asio nao. Kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Umejuaje habari hizo, dada? Kuwa mwangalifu na unachoniambia, mazungumzo haya yanarekodiwa." Nikafunga mdomo. Nikabaki namwangalia na yeye ananiangalia, kila mmoja kwenye kijumba chake cha skrini.

Sijui kama mmewahi kukaa kwenye chumba ambamo mnajua kila kitu na hamwezi kufanya lolote. Nilihangaika humo ndani kama kuku aliyefungwa mguu. Nilitaka nitoke nimwambie mwenye nyumba, nimwambie padri, nimpigie mama. Kila niliyemfikiria, nilikumbuka karatasi. Na nyuma ya karatasi, kusema kweli, kulikuwa na aibu tu, maana nikifungua mdomo lazima nianze na kwamba ni mimi.

Mama wa maziwa alipita kila asubuhi kuuliza. Maziwa yalikuwa yamepungua lakini kikombe changu alikileta. "Wamejibu?" "Bado, mama." "Hao watu wana mambo mengi," anasema, anawatetea! Siku ya tatu akaniletea na siagi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, kwa sababu nimemhangaikia. Niliipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikaiweka mezani, na sikuweza kuila wala kuitupa mpaka ikaharibika.

Jibu liliingia siku moja kabla ya wiki kuisha. Alikuja nalo mchana, yeye na simu ya mkwewe, akanikuta natoka. Kusoma Kiswahili cha barua hakuweza vizuri. Akanipa nimsomee. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu alikuwa ananitazama midomo.

"Asante kwa kutuandikia. Tumeipitia tena video hii kwa kutumia maelezo ya mtaalamu wa lugha na mila za eneo lako. Tumeona haivunji taratibu zetu, na itaendelea kuwepo. Tunajali usalama wa jamii yako."

"Rudia pale pa mtaalamu," akasema.

Nikarudia.

"Wa mila zetu?"

"Ndiyo, mama."

Akaichukua simu, akaiangalia mwenyewe, akaizima. Hakulia. Nilikuwa najiandaa na kilio, hakulia. Akasema Jumamosi wataanza kuswaga ng'ombe, kuna ndugu wa mume wake mbali huko ana majani, watakaa kwake mpaka Mungu aonyeshe pengine. Akasema wameshaongea na mchungaji awaangalizie kaburi la mzee, asije mtu akalilimia juu. Alikuwa anazipanga habari moja moja kwa utaratibu, na mimi nimesimama na ufunguo wa chumba mkononi. Maneno yalikuwa yamefika hapa kooni. Ni mimi, mama. Maneno matatu tu. Kazi niliiacha baadaye, miezi minne baadaye, bila kufukuzwa na mtu, kwa hiyo hata ile hofu ya kufukuzwa ilikuwa ya bure. Lakini siku ile sikuyasema.

Akaniuliza, "Nikuulize kitu, wewe uliyesoma. Mwanangu anasema siku hizi huko kwenye mtandao si watu, ni mashine zinazoamua. Huyo mtaalamu aliyetutazama, ni mtu au ni mashine?"

Nikasema, "Ni mashine, mama."

Akashusha pumzi, ndefu, mpaka mabega yakateremka. "Afadhali," akasema. "Afadhali, waitu, jamani. Usinicheke nikikwambia. Tangu kile kikao cha darasani, kila nikikaa kukamua nilikuwa namwombea mabaya mtu aliyeiacha ile video. Nilisema kuna mtu mahali amekaa, ametuangalia kwa macho yake, akasema tuachwe hivyo hivyo. Nikamwomba Mungu amkaushe mikono. Kila siku, mwanangu, mimi mlokole. Kumbe namlaani mtu ambaye hata hayupo."

Akanishika mikono yote miwili, akaibana kwenye mikono yake, akaniaga.